Mnalala Wapi?

*Wikiendi ndefu ya watu wawili Bunda, Butiama na Musoma, na chumba kimoja cha wageni kilichotaka kututia aibu*

Mpenzi msomaji, kama umeoa au umeolewa na mtu wa mkoani, swali hili unalijua. Linakuja kwenye simu siku moja au mbili kabla hujafika, baada ya salamu, baada ya habari za kazini na mvua, kwa sauti ya upole kabisa: "Sasa mkija, mnalala wapi?"

Mimi lilinikuta barabarani. Tulikuwa tumeshuka kwenye ndege Mwanza, tumekodi gari, tumeipita Magu na tunakaribia Lamadi. Kwa wasiojua, kutoka Mwanza hadi Musoma ni kilometa zipatazo 220 za lami, na kipande kitamu kuliko vyote ni hicho cha kuanzia Lamadi kwenda Bunda. Kushoto kwako ni upande wa ziwa, kulia kwako ni upande wa Serengeti. Nilikuwa nimetoa mkono dirishani, nimeshasahau ofisi, mara simu ya mume wangu ikaita. Yeye anaendesha, nikapokea mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmefika wapi?"

"Tunaingia Lamadi, mama."

"Haya, Mungu awafikishe. Leo mnalala wapi?"

Mume wangu akadakia kwa sauti ya juu. "Leo tutalala Bunda mama, tumechoka. Kesho asubuhi tupo hapo."

"Na kesho?"

Kimya. Nikamtazama, akatazama barabara kana kwamba imeanza kuongea.

"Tutaona, mama."

"Sawa," akasema mama mkwe. Wanawake wenzangu mnaijua ile sawa ambayo siyo sawa.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na cha kuona. Tulikuwa tumeshalipia usiku mbili kwenye hoteli ya ufukweni Musoma, chumba kinachotazama ziwa. Butiama kwa wakwe tulipanga kwenda mchana, tule, tucheke, tuage, tuondoke kabla ya jua kuzama. Ndivyo tulivyofanya safari ya kwanza baada ya harusi, miaka mitatu nyuma. Usiku nne Musoma, mchana kwa mama. Na wazo lilikuwa langu, sitajificha.

Sababu zangu nilikuwa nazo. Mimi ni mtoto wa Tanga niliyezoea Dar. Nilitaka choo cha ndani. Nilitaka kulala bila kufikiria nani anasikia nikicheka. Halafu kuna heshima. Kwa wakwe zangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani ovyo. Mzee akipita huku, wewe unapita kule. Sasa unalalaje chini ya bati moja na mtu ambaye hata njia mnapishana kwa adabu? Nikajiambia hoteli ndiyo heshima yenyewe. Hoja ilikuwa nzuri, na ilinikaa vizuri mdomoni.

BUNDA: GESTI, LODJI NA KITABU KIKUBWA

Bunda ni mji wa kupita, lakini usiudharau. Una vilima vya Balili vimeusimamia kwa juu, na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti liko barabarani hapo hapo, kusini mwa mji. Kama mfuko unaruhusu na mmekuja mwezi wa sita au wa saba, nyumbu huwa wanapita ukanda huu wa magharibi, wakivuka Mto Grumeti ambao mamba wake ni wakubwa kupita kiasi. Unaweza kuingia asubuhi na kutoka jioni, ukalala nje ya hifadhi kwa bei ya binadamu wa kawaida.

Na kulala ndiyo mada yetu, kwa hiyo tuelewane lugha. Kwetu Tanzania vyumba vya wageni vina ngazi. Kuna gesti ya kawaida, chumba na kitanda, bafu na choo mnachangia uani. Kuna chumba cha selfu, yaani choo na bafu humo humo. Kuna lodji, ambayo mara nyingi ni gesti iliyopakwa rangi mpya na kuongezwa sehemu ya chai. Halafu kuna hoteli, na ukielekea hifadhini kuna kambi za mahema ambazo usiku mmoja unaweza kuwa kodi yako ya miezi.

Neno gesti lenyewe lina sifa mbaya mjini, si unajua tena. Mke na mume halali wakiingia gesti saa tisa mchana hata mhudumu anawatazama kwa jicho la pembeni. Lakini mikoani gesti ni msaada wa walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa dagaa na madereva. Kuna kile kitabu kikubwa cha mapokezi, kinachotaka jina lako, kabila lako, kazi yako, umetoka wapi na unakwenda wapi. Nakipenda kitabu kile. Ukikifungua kurasa za nyuma unaona nchi nzima imepita hapo na kulala.

Mume wangu alijaza. Kwenye "unakwenda wapi" akaandika Musoma. Kisha akashika kalamu kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, akairudisha mezani.

Usiku ule hakula vizuri. Nikamuuliza, akasema amechoka na gari. Nikamwamini, maana na mimi nilikuwa nimechoka.

BUTIAMA: NYUMBA ALIYOMJENGEA MCHUMBA

Asubuhi tulianzia Mwitongo. Hilo ndilo eneo la familia ya Baba wa Taifa pale Butiama, mji wa mkulima juu ya kilima chenye mawe makubwa ambako pimbi hujianika. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwezi Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki na Mama Mgaya. Aliiacha ikulu mwaka 1985, akaacha uenyekiti wa chama mwaka 1990, na hapa ndipo palipokuwa kwake. Alikuwa analima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa kuzikwa hapa, karibu na wazazi wake. Mwaka huo huo ndipo Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalipofunguliwa jirani, yenye zawadi alizopewa, picha na vitu vyake binafsi.

Wengi wakifika hutazama kaburi, hupiga picha, huondoka. Mimi nakushauri utulie uzitazame nyumba. Ipo nyumba kubwa aliyojengewa na Jeshi la Wananchi kama zawadi. Aliishi humo muda mfupi tu kabla ya kwenda kutibiwa na kutorudi akiwa hai. Inakufanya ufikiri. Mtu aliyeongoza nchi zaidi ya miaka ishirini, nyumba kubwa inamfikia mwishoni kabisa.

Lakini nyumba ninayoipenda mimi ni ya zamani zaidi, na nitaieleza kwa wapenzi na wachumba wanaosoma ukurasa huu. Mwaka 1952 Mwalimu alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, na shahada yake mkononi. Wakati ule msomi wa namna hiyo ulimhesabu kwa vidole. Mchumba wake, Maria, alikuwa anamsubiri. Sasa unadhani alifanya nini? Alikwenda Butiama akajenga nyumba ya kuoea, na kazi ya ujenzi akaishika kwa mikono yake mwenyewe. Watu walishangaa kumwona msomi wa Ulaya kwenye udongo na matofali. Tarehe 24 Januari 1953 wakafunga ndoa.

Nikamgeukia mume wangu nikamtania. "Umeona wenzako? Wewe ulinijengea nini?"

Badala ya kucheka, akasema, "Twende kwa mama. Tumechelewa."

CHUMBA CHENYE SARUJI

Kwa mama mkwe ni nje kidogo ya Butiama mjini, njia ya vumbi, mihogo huku na mtama kule. Mji una nyumba ya wazee, jiko la pembeni, zizi na kihenge. Safari hii kulikuwa na kitu kipya nyuma ya mwembe. Kijumba cha matofali ya kuchoma, bati jipya, mlango mmoja na dirisha moja lenye pazia la maua.

Tulipokelewa kwa shangwe. Kuku alikuwa ameshakamatwa. Mama alinikumbatia, akanishika mabega, akanitazama usoni kama daktari.

"Na kifua kinaendeleaje, mwanangu?"

"Kifua, mama?"

"Si hilo vumbi. Mwenzio aliniambia vumbi linakubana kifua, ndiyo maana hamwezi kulala huku. Nikasema basi, udongo nitauondoa. Nimeweka saruji chini, nikapiga na niru. Kuta nimepiga lipu. Vumbi halina pa kukaa."

Nilimtafuta mume wangu kwa macho. Alikuwa amechuchumaa anamkagua kuku.

Mpenzi msomaji, mimi sina ugonjwa wa kifua. Sijawahi kuwa nao.

Wifi yangu ndiye aliyenipeleka kukiona chumba, na wifi wa Mara hana maneno ya kuzunguka. "Hii sisi tunaiita Hoteli," akasema huku anafungua kufuli. "Mama alianza kujenga mlipoondoka ile mara ya kwanza. Amemaliza mwaka jana. Pesa ya vikoba yote imeingia humu, na mbuzi wawili. Alisema mkwe wangu hawezi kulala nyumba moja na mzee, anaona haya, na mimi ningeona haya. Acha niwatenge."

Niliposikia hivyo nikatamani ardhi ipasuke. Ile hoja yangu nzuri ya heshima, mama alikuwa ameifikiria kabla yangu, na yeye akaijibu kwa matofali.

Ndani kulikuwa na kitanda cha futi tano kwa sita, kazi ya fundi wa pale pale kijijini. Godoro lilikuwa bado na nailoni yake. Chandarua cha bluu kimefungwa fundo juu. Kiti kimoja chenye kitambaa cha kudarizi. Ndoo yenye mfuniko, kata, sabuni ya kipande haijafunguliwa karatasi. Taa ya sola. Na chini ya kitanda, zimepangwa zinatazama mlango, kandambili pea mbili, moja kubwa na moja ndogo. Nilijaribu ile ndogo. Ilinitosha.

"Nani amewahi kulala humu?" nikauliza.

"Mama, siku kilipoisha. Alilala chini kwenye mkeka. Alisema chumba kipya hakiachwi kitupu, lakini godoro ni la wenyewe."

Nilitoka nje nikamwambia mume wangu, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Leta begi. Tunalala hapa." Musoma wakanywe chai yao. Hela ya usiku wa kwanza ilikwenda na hatukuidai.

UGOMVI WA KUNONG'ONA

Sasa nisikudanganye kwamba usiku ule ulikuwa wa asali. Mvua ilinyesha, bati likapiga kelele, na kelele ile ilitusaidia, maana tuligombana. Tuligombana kwa kunong'ona, jambo gumu sana kwa wawili tuliozoea kupandisha sauti Dar.

"Kwa nini ulimwambia mama naumwa?"

"Nilikuwa nakulinda. Ungetaka nimwambie hutaki choo cha nje?"

"Ungeniambia mimi kwamba anajenga."

"Ningekuambiaje? Ningekuambia, ungekuja kwa kulazimika, halafu ungenuna."

"Kwa hiyo mama anauza mbuzi kwa ajili ya ugonjwa ambao sina!"

Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda. Kisha akasema kwa upole, na hilo ndilo lililoniuma. "Na wewe hukuwahi kuniuliza kama kuna chumba. Kila mara unauliza hoteli ipi."

Hapo nami sikuwa na jibu.

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, na nadhani wanandoa wengi vijana tuna ugonjwa huo. Tunajificha nyuma ya wenzi wetu. Mume hataki kumkatalia mama, anasema mke mgonjwa. Mke hataki kwenda kwa wakwe, anasema mume ana kazi nyingi. Unadhani umeokoa siku, kumbe huko nyuma kuna mtu ameuchukua uongo wako kwa moyo mmoja anautafutia dawa. Anaununulia saruji.

Alfajiri nilisikia kikohozi cha mbali, kile cha mtu mwenye adabu anayetangaza kwamba anakuja. Kisha hatua, kisha kitu kikawekwa mlangoni taratibu, kisha hatua zikarudi. Nilipofungua nikakuta beseni la maji ya moto limefunikwa na sinia. Mzee, baba mkwe, alikuwa upande wa pili wa zizi kabisa, amenipa mgongo, anakwenda shambani kwa njia ndefu ili nisione haya. Nikapiga goti kidogo nilipokuwa. Sidhani aliniona, lakini nilipiga.

Mume wangu alikwenda jikoni peke yake akasema ukweli wote. Mimi nilikuwa uani najimwagia maji, na bafu la uani halina siri. Kulikuwa kimya kidogo. Halafu mama akacheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwa hiyo saruji yangu ni ya bure!"

Nilipofika akaninyooshea kikombe cha chai ya maziwa. "Mwanangu, mimi mgeni simwambii asilale hotelini. Ana fedha zake, ana macho yake. Mimi namtandikia, basi. Akija, atakuta."

WATU WANALIPIA KITU HICHI

Nikiwa nakunywa chai ile, na viazi vitamu vya shambani na maziwa ya ng'ombe ninayemwona, mhariri ndani yangu akaamka. Nchi hii kuna watu wanatoka Ulaya na Marekani kulala kwenye nyumba za mashamba. Pale Karatu kuna Gibb's Farm, nyumba ya shamba la kahawa iliyojengwa mwaka 1929 na walowezi wa Kijerumani. Baadaye ikawa mali ya familia ya Gibb, na tangu 1972 imekuwa ikipokea wageni. Mikindani, Mtwara, boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilikarabatiwa likageuzwa hoteli, na mgeni alilala akitazama ghuba ya Bahari ya Hindi.

Ukizichunguza nyumba hizo, kinachouzwa si kitanda. Vitanda viko kila mahali. Kinachouzwa ni mboga iliyochumwa hapo, ukuta ulioona mambo kabla yako, na hisia kwamba kuna mtu alijua unakuja. Mgeni analipa dola ili aamshwe na jogoo. Sisi jogoo tunaye, tunamkimbia twende tukalale penye kiyoyozi.

Sisemi hoteli ni mbaya. Endelea kusoma.

MUSOMA: CHUMBA KINACHOTAZAMA ZIWA

Usiku wa pili tuliutumia Musoma, kama tulivyolipia. Safari hii hatukuondoka kwa mama kama wezi. Tulimchukua tukaenda naye.

Musoma ni mji wenye bahati. Umekaa kwenye rasi, ziwa limeuzunguka karibu pande zote, na mawe makubwa yamejipanga ufukweni. Ukitoka Mtaa wa Mukendo kwa miguu, dakika chache uko Mwigobero, kwenye gati na soko, ambako boti zinavuka ghuba kwenda Kinesi na wachuuzi wanapimana dagaa. Ukielekea Makoko ndiko kwenye utulivu, miti na upepo. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 68,800, na takriban nusu yake ni ya Tanzania. Ukisimama kwenye jiwe jioni, jua likizama majini, unaelewa kwa nini watu wa huku wakisema pwani hawana haja ya kukuuliza bahari ipi.

Tulikula sato wa kuchoma kwa ugali wa muhogo, mikono mitupu. Kisha mama akasema anataka kuona tunapolala. Kumbe kwa miaka mitatu alikuwa anajiuliza hoteli ina nini.

Akaingia chumbani polepole, mkoba kwapani. Akabonyeza godoro. Akafungua bomba, akalifunga. Akapitisha kidole juu ya dirisha, akakitazama. Akavuta chandarua, akakinyoosha kwenye mwanga, akakagua kama anakagua kitenge dukani.

"Kina tundu," akasema.

Kweli kilikuwa nalo, la kupitisha kidole gumba. Akatoa pini kwenye kitenge chake, akalibana tundu lile vizuri, akarudisha chandarua juu. Kisha akaketi kwenye kiti cha dirishani, akatazama maji muda mrefu bila kusema kitu.

"Pazuri," akasema mwishowe. "Mna haki ya kupapenda."

Nikamwandalia chai kwenye kile kibirika cha umeme. Nilimkaribisha kwa mikono miwili, na yeye akapokea kama mgeni anavyopokea. Nadhani hapo ndipo tulipolingana. Yeye ana chumba chake kwa ajili yangu, na mimi nimewahi kumkaribisha kwangu, hata kama ni kwa saa moja tu kwenye chumba cha kukodi.

Tulimrudisha Butiama kabla ya giza, safari ambayo haifiki saa moja kwa gari, kisha tukarudi wawili. Usiku hakukuwa na mwezi. Wavuvi wa dagaa walikuwa wamewasha taa zao ziwani, nyingi kiasi kwamba ungedhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Tulikaa barazani bila kuzungumza sana. Mume wangu akasema, "Mwaka huu Krismasi." Nikasema, "Usiku tatu kwa mama, usiku mmoja hapa." Akasema, "Na mimi ndiye nitakayempigia." Ndoa ni makubaliano madogo madogo kama hayo.

Kwa hiyo simu ikiita tena na swali likaja, mnalala wapi, sasa nina jibu. Kwanza nauliza, "Mama, umetutandikia?"

DONDOO ZA CHUMBA: KABLA HUJAFUNGUA BEGI

Kubalianeni mapema. Usiku ngapi nyumbani, usiku ngapi hotelini. Ongeeni Dar, msingoje kufika Lamadi. Na kila mmoja azungumze na wazazi wake mwenyewe, kwa ukweli.

Uliza kama kuna chumba. Usidhani hakuna. Na kama wazazi hawana nafasi kweli, kulala gesti ya jirani si tusi, ilimradi chakula cha jioni mle kwao.

Nenda na kitu cha chumbani. Sukari na sabuni ni za kawaida. Jaribu shuka jipya, chandarua au taa. Kisha ukiondoka, kiache. Mama akikiona atajua utarudi.

Hotelini, anza na bomba. Fungua maji ya moto kabla hujalipa. Tuliwahi kulala mahali, jina nalihifadhi, ambapo maji ya moto yalikuwa kwenye bango la nje tu. Kagua kitasa, feni na chandarua. Malaria ya Kanda ya Ziwa haina mzaha.

Ziwa la kutazama si lazima liwe la kuogelea. Maji ya kando, yenye majani na konokono, ndiyo yenye kichocho. Kuna sehemu zina mamba na viboko. Waulize wenyeji kwanza. Na ukiona vijidudu vinapanda kutoka ziwani kama moshi, usishtuke. Funga dirisha, zima taa ya nje.

Butiama ipe nusu siku nzima. Makumbusho, kaburi, nyumba na mawe ya Mwitongo. Vaa kwa heshima, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, maana pale ni nyumbani kwa watu.

Gari au basi? Zamani mabasi mengi ya Dar kwenda Kanda ya Ziwa yalipita Nairobi na kurudi kwa Sirari, mtu anasafiri ndani ya nchi yake na hati ya kusafiria mkononi. Siku hizi lami inapita Dodoma, Singida na Mwanza. Wenye haraka wapande ndege hadi Mwanza, kisha wafurahie barabara.

Kandambili. Beba zako. Lakini angalia kwanza chini ya kitanda.

Safari njema, na tukutane toleo lijalo.